Lufufu Hakuwahi Kutafsiri Final Fantasy

Katika familia yetu kuna ubishi mmoja uliodumu kuliko ndoa kadhaa za ukoo. Kati ya watunzi wa muziki wa gemu za Kijapani, nani mkubwa? Kaka yangu anasema Nobuo Uematsu, na hataki maelezo. Mimi nasema Yasunori Mitsuda, na maelezo ninayo mengi mno. Yeye yuko Mbeya, mimi niko Iringa, na katikati kuna Chimala, Igawa, Makambako na Mafinga, yaani barabara ya kumtosha mtu kupanga hoja zake kabla hajafika.

Najua hapa kwa kawaida tunaongelea vitabu. Nivumilieni kidogo. Gemu ninazozisema ni zile za hadithi, ambazo wachezaji huziita RPG. Unaongoza kundi la wahusika kwa saa thelathini au arobaini. Wanasafiri, wanapigana, wanapendana, wengine wanakufa, na sehemu kubwa ya hadithi unaisoma kwenye visanduku vya maandishi kwenye skrini. Ni riwaya, ila riwaya yenye padi. Tatizo ni kwamba riwaya hizo zilitufikia Mwanjelwa zikiwa kwa Kiingereza, nyingine kwa Kijapani kabisa, na sisi tulikuwa na Kiswahili na Kinyakyusa.

Filamu zilikuwa na Lufufu. Kwa wadogo ambao hawakumkuta: huyu alikuwa mtu aliyeweka sauti yake juu ya filamu za nje na kuzisimulia kwa Kiswahili, na kanda zake zilizunguka kwenye vibanda umiza vya nchi hii. Mzungu akikunja uso, Lufufu anakueleza amekasirikia nini, na stori ikipoa anaitia chumvi. Gemu hazikuwa na Lufufu. Hakuna aliyekaa pembeni ya PlayStation akatuambia yule kijana mwenye upanga mkubwa anatafuta nini. Kazi hiyo ilibaki kwa mtunzi wa muziki. Ndiyo sababu ubishi wetu na kaka haujawahi kuwa wa nani ana nyimbo tamu. Tunabishania nani alitusimulia vizuri.

Kaka alikuwa anasimamia kibanda cha gemu cha mtu, jirani na soko. Alikuwa amemaliza la saba, akachaguliwa kwenda sekondari, ada ikakosekana, mambo yakaishia hapo. Mama alikuwa anauza ndizi na viazi, kwa hiyo mchana nilikabidhiwa kwa kaka, naye alinikalisha kwenye benchi la ukutani. Padi haikunifikia. Padi ilikuwa ya wanaolipa, na wanaolipa walikuwa wavulana. Nilibaki na masikio yangu tu.

Sauti ya kwanza ninayoikumbuka ni ya Street Fighter II, ambayo si gemu ya hadithi, lakini siwezi kuiruka. Kila mpiganaji ana nchi yake na wimbo wake. Damu ikibaki kidogo, muziki unaanza kukimbia. Mtu aliyekuwa nje ananunua mahindi ya kuchoma alijua kwamba ndani kuna mwenzake anakaribia kulala chini, bila hata kuchungulia. Karibu nyimbo zote zile zilitungwa na Yoko Shimomura, aliyesomea piano katika chuo cha muziki cha Osaka na kuajiriwa Capcom mwaka 1988. Nilipokuja kujua kwamba ni mwanamke nilikuwa nimeshamaliza kidato cha sita. Nilimtumia kaka meseji ya neno moja: “Umeona?”

Shimomura alitaka kutunga muziki wa hadithi, akahamia Square mwaka 1993. Baadaye kibanda kilipopata PlayStation 2 tulimsikia tena kwenye Kingdom Hearts ya mwaka 2002. Kabla hujabonyeza chochote kuna piano ya taratibu na sauti ya mawimbi ya bahari. Wateja wakikosekana, skrini ile ilikaa wazi na wimbo ukazunguka wenyewe. Mama akija kunichukua jioni alisimama mlangoni na ndoo yake mpaka wimbo uzunguke mara moja, ndipo anasema twende. Hakuwahi kuuliza ni gemu gani. Nguvu ya Shimomura iko hapo, anakwambia hali ya sasa hivi ikoje. Sasa hivi ni hatari, sasa hivi ni jioni. Hakulazimishi kukumbuka jana.

Uematsu anakulazimisha.

Final Fantasy VII ilitoka mwaka 1997 ikiwa na CD tatu. Kwetu ilifika miaka kadhaa baadaye, CD za kuchoma kwenye mfuko wa nailoni. Kaka aliicheza asubuhi kabla ya wateja, akiwa na memori kadi yake mwenyewe aliyoificha kama pesa. Kuna dada mmoja kwenye gemu ile, Aerith, muuza maua. Mapema kabisa kijana mwenye upanga anaanguka kupitia paa la kanisa bovu, anatua kwenye bustani yake ya maua, na wimbo fulani mpole unapigwa. Kaka aliushika palepale. Yeye alikuwa anaimba besi kwenye kwaya, na watu wa besi wana tabia ya kusikiliza wimbo kutokea chini. Akasema, “Huu ni wimbo wa huyu dada.” Hilo hakuhitaji kufundishwa na mtu. Bibi yetu alipotusimulia hadithi, za sungura au za binti aliyetoroka, kila mhusika alikuwa na kiwimbo chake, na kiwimbo kikirudi ulijua nani anakuja kabla bibi hajamtaja.

Mwishoni mwa CD ya kwanza Aerith anauawa. Kitu kidogo cha mviringo kinadondoka kutoka kwenye nywele zake, kinadunda ngazi kwa ngazi mpaka majini, na wimbo ule wa kanisani unarudi ukiwa mzima. Papo hapo bosi anatokea na pambano linaanza. Sasa, ukiwa mtoto wa kibandani unajua kanuni: pambano lina muziki wake, wa fujo. Safari hii haukuja. Wimbo wa Aerith uliendelea tu, mpole vilevile, huku watu wakikatana mapanga. Wavulana walinyamaza. Kaka alishusha padi kidogo akasema, “Vita imeanza, wimbo wa vita haujaja. Huyu dada harudi tena.”

Wenye kusoma Kiingereza, hata nje ya nchi, walikaa miaka wakitafuta njia ya siri ya kumfufua Aerith. Kaka hakutafuta. Alikuwa ameshaambiwa.

Uematsu aliupataje ufundi huu? Hakusomea muziki, alijifundisha mwenyewe. Kabla ya Square, ambako aliingia mwaka 1986, alikuwa anafanya kazi kwenye duka la kukodisha muziki. Nilipomwambia kaka hivyo alifurahi kupita kiasi: “Mtu wa kaunta kama mimi!” Final Fantasy ya kwanza, ya mwaka 1987, ilikuwa ya mashine ya Nintendo yenye njia tano tu za sauti, na kati ya hizo zilizofaa kuimba wimbo hasa ni tatu. Mbili za juu, moja ya besi. Ukiwa na sauti tatu huna pa kujificha. Huna okestra ya kufunika wimbo dhaifu. Ni kama kwaya ya mtaani ambayo tena hawakuja: waliopo wanatakiwa waimbe kitu kinachosimama chenyewe.

Mwaka 2006 tulilipima hilo bila kukusudia. Ukame ulikuwa mkali, maji ya Mtera yakashuka, umeme ukawa wa mgao, na kibanda kikashinda gizani siku nzima. Wavulana hawakuondoka. Walikaa palepale kwenye mabenchi, na mmoja akaanza kupiga mluzi wimbo wa Aerith, mwingine akatia besi kwa mdomo. Nyimbo nyingi tulizozipenda zilizimika pamoja na mashine. Za Uematsu zilibaki. Wimbo wetu wa taifa una asili ya namna hiyohiyo: mwalimu Enoch Sontonga aliutunga Afrika Kusini mwaka 1897 na kuuandika kwa solfa, do re mi za kwaya, bila kuhitaji ala yoyote. Wimbo unaobebeka mdomoni hauulizi kama LUKU imeisha.

Mimi ada yangu ilipatikana, na sehemu yake ilitoka mfukoni mwa kaka. Nikaenda sekondari, Kiingereza kikaanza kuingia kwa viboko na kwa mapenzi, na hatimaye nikafika Iringa kusoma chuo. Nilipanga chumba Kihesa. Wanaoijua Iringa ya mwezi wa saba wanaujua ule upepo, unapita chini ya mlango na kukuambia uongeze blanketi. Usiku, kwenye laptopu ya kununua mkononi, kwa programu inayoigiza mashine ya zamani, nilicheza Chrono Trigger ya mwaka 1995. Kwa mara ya kwanza niliisoma gemu badala ya kuisikiliza. Hapo ndipo nilipokutana na Mitsuda.

Habari za Mitsuda zenyewe ni riwaya. Aliingia Square mwaka 1992 akipewa kazi ya kutengeneza milio, si kutunga. Akamfuata mkubwa wake, Hironobu Sakaguchi, akamwambia kwamba asiporuhusiwa kutunga ataacha kazi. Wakampa Chrono Trigger. Alifanya kazi mpaka akaugua vidonda vya tumbo, na nyimbo zilizobaki akazimalizia Uematsu. Gemu inatoka, kijana ana miaka 23. (Kaka huitumia habari hii bila huruma: “Huyo wako bila wangu angemaliza?”)

Hadithi ya Chrono Trigger inasafiri katika wakati. Nchi ni ileile, karne zinabadilika, na kila karne ina wimbo wake, kwa hiyo hata asiyejua kusoma anajua yuko enzi gani. Wimbo wa mwaka 600 una kitu cha upepo ndani yake, na mimi nilikuwa Kihesa, kwa hiyo sikuwa na kinga. Ila kilichonishika zaidi ni Zeal, ufalme unaoelea juu ya mawingu. Muziki wake ni mzuri mno, una vijisauti vya kengele na nyuzi kama za Kihindi, unakwenda kwa raha kama mtu asiyedaiwa. Halafu unasoma maandishi. Wanaoishi juu ni wenye uchawi. Wasio na uchawi wamesukumwa chini, kwenye theluji, wanaishi mapangoni. Uzuri wote ule umejengwa juu ya vichwa vya watu, na muziki haukwambii. Unaendelea kupendeza tu. Niliona hapa kuna mtunzi mkubwa kuliko Uematsu: muziki unasema hivi, maneno yanasema vile, na msomaji anaachwa katikati. Ndicho tunachokipenda kwenye riwaya nzuri, msimuliaji anayetabasamu wakati nyumba inaungua.

Hoja yangu ikawa imekamilika. Uematsu ni mtunzi wa wasiosoma, anakutafunia. Mitsuda ni wa wanaosoma. Sikuwahi kuitamka hivyo mbele ya kaka, lakini ilikuwa imekaa ndani ya kila nilichosema, na kaka si mjinga.

Alikuja Iringa kwenye mahafali yangu, na suti ya kuazima na mkungu wa ndizi. Usiku alilala chumbani kwangu, mimi nikaenda kwa rafiki. Kabla sijaondoka nilimwekea wimbo wa Zeal, bila picha, bila kumweleza lolote, kwenye kispika kidogo. Alisikiliza umezunguka mara mbili. Nilikuwa nasubiri aseme mzuri, ili nianze somo langu. Akasema, “Hawa watu hawajui njaa.”

Nikamuuliza amejuaje.

“Sikiliza besi. Haichoki, haibebi kitu. Kuna mtu mwingine anabeba.”

Sijui kama mhadhiri yeyote angekubali uchambuzi wa namna hiyo. Mimi nilikaa kitandani nikanyamaza. Miaka mitatu ya fasihi nilikuwa nimefundishwa kusoma kisichosemwa, na hapa alikuwepo mtu wa la saba anayekisikia. Tangu siku hiyo ubishi wetu haujaisha, ila umebadilika. Siwezi tena kuugeuza kuwa ubishi wa nani alielewa.

Na kuna jambo jingine nililoligundua baadaye. Tafsiri ya Kiingereza ya Final Fantasy VII, ile ya 1997, inajulikana kwa makosa yake. Ilifanywa kwa haraka na watu wachache, na kuna sentensi ambazo wachezaji wanazicheka mpaka leo. Kwa hiyo hata sisi tuliojivunia Kiingereza tulikuwa tunasoma kitu kilichokwisha kuchubuka njiani. Muziki haukupitia kwa mfasiri. Alichokisikia kaka Mwanjelwa ndicho alichokisikia mtoto wa Tokyo, noti kwa noti. Kati yetu wawili, aliyekuwa karibu na maandishi asilia ni yeye.

Yuko wa nne, Koichi Sugiyama, ambaye ni heshima tu kumtaja. Alikuwa mtu mzima, mtunzi mwenye jina kwenye televisheni, alipoanza kutunga Dragon Quest mwaka 1986. Muziki wake umevaa tai. Wimbo wake wa ufunguzi ni matarumbeta ya harusi kabisa, yale yanayotangulia gari la bibi harusi huku watoto wanakimbia nyuma. Sugiyama hasimulii, anatangaza: simameni, shughuli inaanza. Ijumaa ya tarehe 23 Julai 2021 Olimpiki ya Tokyo ilifunguliwa, viti vitupu kwa sababu ya korona, na mataifa yalipoanza kuingia uwanjani ni wimbo huo uliopigwa. Kaka alikuwa dukani kwake, anauza spea za pikipiki siku hizi. Akanipigia, hakusalimia. “Unasikia?” Tukakaa kwenye simu. Ukafuata wa Final Fantasy, na gwaride likiendelea wakaja Chrono Trigger na Kingdom Hearts. Watunzi wote wanne wa ugomvi wetu, mbele ya dunia, na mtangazaji anaongea juu yao kana kwamba ni muziki wa kujazia nafasi. Vocha yangu iliisha kabla ya gwaride. Sugiyama alifariki Septemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 90.

Watu huniuliza kama hili lote si la kigeni kwetu. Huwa nawataja Baba Yetu. Mwaka 2005 Mmarekani Christopher Tin aliichukua Sala ya Bwana kwa Kiswahili, akaitungia muziki wa kufungulia gemu ya Civilization IV. Si gemu ya Kijapani, na si ya hadithi, lakini mwaka 2011 wimbo ule ukawa muziki wa kwanza wa gemu kupata tuzo ya Grammy. Kwaya za nchi ambazo hazijawahi kusikia neno “shikamoo” zinauimba, na watu wanalia ukumbini bila kuelewa hata silabi moja. Kaka alipoona video mojawapo alicheka mpaka akakaa. “Sasa na wao wako kwenye benchi.” Halafu akaacha kucheka, akasikiliza jinsi wale wazungu walivyojitahidi na matamshi, akasema wameelewa.

Nimeombwa mara nyingi nitoe orodha, basi hii hapa. Ya kaka: Uematsu, Shimomura, Mitsuda, Sugiyama. Ya kwangu: Mitsuda, Uematsu, Shimomura, Sugiyama. Mitsuda bado ni wa kwanza kwangu, lakini si kwa sababu anawataka wasomi. Nampenda kwa sababu muziki wake na maneno yake hawapatani, na mimi ni mtu wa kupenda nyumba zenye mabishano. Uematsu ni wa pili kwa unywele mmoja, na ningekuwa nimeketi gizani na watoto kumi bila umeme, ningempandisha.

Binti wa kaka ameanza kidato cha kwanza mwaka huu. Kiingereza kinamsumbua kama kilivyonisumbua. Baba yake ameitoa PlayStation ya zamani kwenye boksi, amebadilisha waya, inawaka. Krismasi naenda Mbeya. Nimeshaambiwa nibebe kamusi, na yeye atakuwa na memori kadi.